Dhahabu Pale Mwanga Unapogonga

Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya mafundi ujenzi, wachongaji na wanafunzi wa usanifu majengo. Naiweka hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Nanyi wanafunzi mliojibana huko nyuma karibu na madirisha, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo.

Naomba nianze kwa kuuliza. Ni nani humu ndani hajawahi kuambiwa na mwenye nyumba, "Fundi, hayo maua-maua punguza, yananimalizia hela bure"? Kama hujawahi kuambiwa, nyoosha mkono. Sioni mkono. Basi sote tumeambiwa. Na wengi wetu, mimi nikiwemo, tumejibu "Sawa, bosi," tukapiga lipu ukuta mtupu, tukachukua chetu tukaenda zetu.

Leo nimekuja kuwasimulia habari za jumba ambalo msanifu wake alikataa kupunguza. Liko Paris, Ufaransa. Ni jumba la opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo hadi mwisho huku okestra ikipiga. Linaitwa Palais Garnier, kwa jina la msanifu huyo, Charles Garnier. Lilifunguliwa tarehe 5 Januari 1875. Ndani ya ukumbi kuna viti 1,979, na jumba zima limekalia zaidi ya mita za mraba 11,000. Wachongaji sanamu peke yao walikuwa 73. Sihesabu waashi, wahunzi, maseremala, wapaka dhahabu na waliobeba mawe.

Nilipoingia mara ya kwanza nilikaa saa nne, na hata ngazi sikuzimaliza. Kesho yake nikarudi. Nilikuwa nimekwenda kutazama utajiri wa wafalme, na utajiri upo, siwezi kukataa. Lakini kadiri nilivyosogea karibu na kuta zile, ndivyo nilivyoiona kazi. Ua lile linafanya kazi. Jani lile linafanya kazi. Hata popo waliochorwa darini wana kazi yao, na habari zao nitawapa.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Garnier alizaliwa mwaka 1825 mtaa wa Mouffetard, hapo Paris, na haukuwa mtaa wa wakubwa. Baba yake alikuwa mhunzi na mtengenezaji wa magari ya farasi. Mama yake alikuwa mfuma lesi. Chuma na lesi! Ukilijua hilo, nusu ya jumba umeshalielewa. Maana nyuma ya marumaru na plasta yake kuna mifupa ya chuma, chuma kingi sana, na juu ya mifupa hiyo amefuma lesi kwa mawe. Mwanadamu haachi alikotoka.

Kilichosababisha jumba kujengwa kilikuwa damu. Jioni ya tarehe 14 Januari 1858, mfalme wa Wafaransa, Napoleon III, na mkewe Eugénie walikuwa wakiwasili kwenye opera ya zamani, katika mtaa wa Le Peletier. Mtaliano aitwaye Orsini na wenzake wakautupia mabomu msafara wao. Watu wanane walikufa, zaidi ya mia wakajeruhiwa. Mfalme na malkia walitoka salama. Baada ya hapo ikaamuliwa ijengwe opera mpya, mahali pa wazi, yenye mlango wa mfalme peke yake. Mwisho wa mwaka 1860 likatangazwa shindano. Michoro 171 ikaletwa. Mwezi Mei 1861 akashinda huyu mtoto wa mhunzi. Alikuwa na miaka 35 na hakuwa na jengo kubwa hata moja la kujisifia. Vijana, mmesikia hiyo miaka?

Inasimuliwa kwamba Malkia Eugénie alipoiona michoro alikasirika. Akamuuliza, mtindo gani huu? Si wa Kigiriki, si wa Louis wa Kumi na Tano, si wa Louis wa Kumi na Sita! Garnier akamjibu kwamba mitindo ile zama zake zimepita. Huu ni mtindo wa Napoleon III, na bado unalalamika? Mimi jibu hilo nalipenda, ila sipendi likaribishwe kila mahali. Kumjibu hivyo mwenye hela kunataka uwe na mchoro wa kukutetea.

Na kabla ya ua la kwanza kuchongwa, walipambana na maji. Walichimba msingi wakakuta maji ya ardhini, mengi. Mashine za mvuke zilivuta maji usiku na mchana kwa zaidi ya miezi saba mwaka 1862. Garnier akaona asishindane nayo: akajenga chini ya jukwaa birika kubwa la kuta maradufu, akalijaza maji, na uzito wake ukasaidia kuyakandamiza yale yanayosukuma kutoka chini. Birika lipo hadi leo. Zimamoto wa Paris huenda humo kufanya mazoezi ya kupiga mbizi gizani.

Sasa tuingie ndani, tuanze na dhahabu.

Kuna ukumbi unaoitwa Grand Foyer, ambamo watu hutembea na kuzungumza wakati wa mapumziko. Urefu wake mita 54, upana 13, na kutoka sakafuni hadi darini mita 18. Upande mmoja madirisha, upande mwingine vioo vya kukabiliana nayo, juu picha za Paul Baudry zinazosimulia habari za muziki. Ukisimama katikati, taa zikiwa zimewashwa, unaweza kuapa kwamba chumba chote kimechovywa katika dhahabu.

Hakikuchovywa. Sikilizeni vizuri hapa, wapaka rangi. Serikali ilikuwa inabana matumizi kama bosi yeyote wa Sinza. Garnier akatumia njia ambayo Wafaransa wanaiita kupaka dhahabu kwa athari. Dhahabu halisi, ile ya karatasi nyembamba inayopeperuka ukiivutia pumzi, aliiweka pale tu mwanga unapogonga. Kwingine kote alipaka rangi za jamii ya manjano na kahawia.

Nililitafuta jambo hilo kwa macho yangu. Nikapata jani moja la plasta, limechomoza ukutani usawa wa uso wangu, ukubwa wa kiganja. Nikalitazama kwa ubavu. Mgongo wa jani, pale lilipovimba, ulikuwa unang'aa. Ukingo uliojikunja ulikuwa unang'aa. Ila mfereji wa katikati, na ule upande wa chini unaotazama sakafu, ulikuwa na rangi iliyopoa, kama udongo mkavu uliochanganywa na haradali. Hakuna dhahabu humo. Nikarudi nyuma hatua tano, nikatazama tena. Jani lote dhahabu! Jicho langu lilikuwa limemaliza kazi ambayo fundi hakuifanya.

Tena mkumbuke wakati ule taa zilikuwa za gesi. Mwali wa gesi unacheza, hautulii. Mwali ukicheza, mgongo wa jani unawaka na kuzima, na ile rangi iliyopoa inabaki kama kivuli. Angepaka dhahabu kila mahali, chumba kingekuwa bapa kama sinia. Alipobana matumizi, ndipo nakshi ikapata uhai.

Kwa hiyo mwenye nyumba akikuambia hela haitoshi, je, jibu ni kuondoa maua yote? Au ni kukaa chini, ukauliza mwanga wa chumba hiki unatoka wapi? Dirisha liko wapi? Taa itaning'inia wapi? Jua la saa kumi jioni linapiga ukuta upi?

Ndugu zangu, la pili ni ngazi.

Tumezoea kuiona ngazi kama kitu cha kukufikisha juu. Garnier hakuifikiri hivyo. Alitambua kwamba watu wa Paris walikuja opera kutazama, na walikuja pia kutazamwa. Bibi aliyeshonesha gauni kwa miezi miwili hataki kupanda gizani akakae kwenye kiti! Anataka apandishe taratibu, watu wamwone. Basi Garnier akaijenga ngazi kama jukwaa la kwanza, kabla ya jukwaa lenyewe. Akaiweka ndani ya uwazi wenye kimo cha mita 30, akaizungushia roshani pande zote, watu waegemee humo na kuwatazama wanaopanda.

Vidato ni vya marumaru nyeupe. Vijiti vya kizuizi ni vya marumaru nyekundu iliyokolea, kama nyama ya ini. Na mahali pa kushika mkono ni jiwe la onikisi, laini, linaloruhusu mwanga uzame kidogo ndani yake kabla ya kurudi. Jiwe hilo lilitoka Aljeria, Afrika. Nilipolishika lilikuwa la baridi, na sehemu ambayo mikono mingi imepita kwa miaka zaidi ya mia na hamsini ina mng'aro tofauti na upande wa chini ambako vidole havifiki.

Mimi pale nilijifunza jambo moja dogo: nakshi inayoshikwa na mkono ifanywe kwa kitu kinachopenda mkono. Mara ngapi tumechonga kizuizi cha ngazi kizuri kwa macho, kikamkwaruza mtoto kiganja?

Chini ya ngazi hiyo kuna sanamu ya shaba ya mwanamke anayetabiri, Pythia wa Wagiriki, ameketi, mwili umepinda kama aliyepandwa na pepo. Imetiwa saini "Marcello". Marcello alikuwa mwanamke, Adèle d'Affry, na jina la kiume alilichukua ili kazi yake ihukumiwe kama kazi. Dada zangu mliomo humu mnaosomea ufundi, najua mmeielewa hiyo bila mimi kuongeza neno.

Sasa wale popo.

Karibu na ukumbi ule wa dhahabu, huku na huku, kuna vyumba viwili vidogo vya duara. Kimoja kinaitwa chumba cha Jua, kingine cha Mwezi. Cha Jua kimepakwa rangi za moto na kupambwa kwa salamanda, mnyama afananaye na mjusi ambaye Wazungu wa kale waliamini anaishi motoni haungui. Cha Mwezi kimepakwa rangi za fedha na za ubaridi, kikapambwa kwa bundi na popo, viumbe wa usiku. Vioo vinakabiliana, na wale wanyama wanajirudia, wanajirudia, hadi macho yanachoka kuhesabu.

Uzuri tu? Hapana. Vile vyumba vilikuwa vibao vya kuelekeza. Garnier hakutaka kubandika ukutani maandishi ya "Sigara huku" na "Vinywaji baridi kule". Alitaka mgeni apite kwenye joto, aone moto na salamanda, ajue anaelekea chumba cha wavuta sigara. Mgeni mwingine apite kwenye ubaridi wa mwezi, ajue anakwenda chumba cha vinywaji baridi na barafu. Nakshi imegeuka kuwa lugha. Hata asiyejua kusoma angefika.

Sasa kilichotokea ni nini? Mafundi walivikosea! Jua waliliweka upande wa barafu, Mwezi wakauweka upande wa sigara. Ilipogundulika, ufunguzi umekaribia, na muda wa kubomoa na kupaka upya haukuwepo. Ikabaki hivyo. Iko hivyo mpaka leo. Mwezi unakupeleka kwenye moshi, Jua linakupeleka kwenye barafu.

Nilipokuwa mle ndani nilimfikiria yule fundi. Amefanya kazi safi, popo wake wamechorwa kwa mkono usiotetemeka, kila bundi ana macho yake. Halafu anaambiwa, "Chumba si hiki." Kuna mmoja wetu hajawahi kuipata siku kama hiyo? Mimi niliwahi kufunga dari nzima ya jipsamu, maua na mikanda yake yote, nikaambiwa jioni kwamba ramani niliyopewa ilikuwa ya chumba cha pili. Nililia kimya juu ya jukwaa la miti. Kwa hiyo vyumba vile viwili nilivipenda kuliko jumba zima.

Mifano ya nakshi yenye kazi ni mingi, nitaipita haraka. Juu kabisa ya paa kuna sanamu ya Apollo, mungu wa muziki wa Wagiriki, kazi ya Aimé Millet, ameinua kinubi cha dhahabu. Kinubi hicho ndicho kinga ya radi ya jumba. Halafu kinubi hichohicho kimeshuka chini kikaenea kila mahali: kwenye vichwa vya nguzo, kwenye vyuma vya kupitishia hewa ya moto sakafuni, hadi kwenye vitasa vya milango. Jumba zima linazungumza kwa neno moja, na neno lenyewe ni muziki.

Yale makundi mawili ya sanamu za dhahabu yaliyo kwenye pembe za paa, kazi ya Charles Gumery, yana kimo cha mita 7 na nusu kila moja. Hayakumiminwa kama kengele. Walitengeneza kalibu, wakaizamisha kwenye maji yenye chumvi ya shaba, wakapitisha umeme, na shaba ikajibandika polepole kama ukoko kwenye sufuria hadi ikawa ngozi imara. Ndiyo teknolojia mpya ya enzi ile. Watu hudhani wapenda nakshi ni watu wa kale wasiotaka vipya. Garnier alichukua kila kipya kilichomfaa.

Nami nisiwafiche upande wa hatari. Taa kubwa ya katikati ya ukumbi, ya shaba na vioo vya kristali, ina uzito wa tani saba hadi nane. Ili kitu kizito hivyo kipande na kushuka, kinafungiwa mizigo ya kusawazisha. Tarehe 20 Mei 1896, onyesho likiwa linaendelea, mzigo mmoja ulikatika, ukatoboa dari, ukamuua mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa viti vya juu. Alikuja kusikiliza muziki. Wanaotundika taa na maua ya plasta vichwani mwa watu, nawaomba, kamba na ndoano mzikague wenyewe. Msiachie hadi mtu aje kukumbusha.

Halafu upo ugomvi, maana hakuna nakshi ya maana isiyogombaniwa. Mbele ya jumba, kulia kwa milango, yupo mcheza ngoma wa jiwe, amezungukwa na wanawake wanaocheza wakiwa uchi, wanacheka, wameshikana mikono, miguu yao kama haigusi jiwe. Ni kazi ya Jean-Baptiste Carpeaux. Ilipofunuliwa mwaka 1869 watu waliita uchafu. Usiku mmoja wa Agosti mtu akairushia chupa ya wino. Ikaamriwa iondolewe, na Gumery akapewa kazi ya kuchonga nyingine yenye adabu. Kabla haijabadilishwa vita vikaja, mwaka 1870, na ya Carpeaux ikabaki pale pale. Leo ya asili inalindwa makumbusho ya Orsay, na iliyo nje ni nakala iliyochongwa na Paul Belmondo na kuwekwa mwaka 1964. Na wino? Wino ulisafishwa.

Vita hivyo ndivyo vilivyomwangusha mfalme. Napoleon III alifia uhamishoni Uingereza mwezi Januari 1873, miaka miwili kabla ya ufunguzi. Ule mlango wake maalumu, wenye njia ya kupandisha gari la farasi moja kwa moja hadi ndani, haukumalizwa. Nendeni upande wa magharibi wa jumba mtaona mawe yamejengwa lakini hayakuchongwa. Yamechomoza, mapana, butu, yanangoja patasi. Wengi hupita bila kugeuza shingo, lakini mimi niliwaita wenzangu waje watazame. Pale unaona siri ya kazi: jiwe lilipandishwa zima ukutani kwanza, ua lilikuwa lije baadaye. Ni kama daftari la fundi lililoachwa wazi katikati ya ukurasa.

Na mnaofanya ukarabati wa majengo ya zamani, hapa Dar, Bagamoyo na Unguja, hili ni lenu. Dari ya ukumbi mkuu ilichorwa awali na Jules-Eugène Lenepveu. Mwaka 1964 ikawekwa mpya, ya Marc Chagall, yenye rangi za kijani, buluu, nyekundu na njano, zikiwataja watunzi 14 wa muziki. Kuna wanaoipenda na kuna wanaosema haiendani na ukumbi. Mimi naipenda. Lakini la msingi ni hili: ile ya zamani hawakuibandua. Ya Chagall iko juu ya fremu, imening'inizwa chini yake. Siku yoyote inaweza kushushwa, na ya kale ipo, imelala gizani. Sisi ni mara ngapi tumekwangua chokaa ya miaka mia mbili asubuhi moja, tukapaka rangi ya ndoo, tukaita ukarabati? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, Unguja, ilianguka, nasi tukabaki kutazama kifusi. Jengo lile lilijengwa mwaka 1883, miaka minane tu baada ya hili la Paris. Ni ndugu wa rika moja.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonileta.

Kabla ya kuingia Grand Foyer kuna ukumbi mdogo, na dari yake ni ya mosaiki, vijipande vidogo vya kioo cha rangi na cha dhahabu. Garnier aliitaka sana mosaiki, akaambiwa haiwezekani: kazi ya kubandika kijipande kimoja kimoja darini, fundi amelala chali, ingechukua miaka na kula pesa zote. Ndipo akatokea Mtaliano, Gian Domenico Facchina, mwenye njia nyingine. Alivibandika vijipande kwenye karatasi akiwa chini, karakanani, amekaa kwenye kiti, uso wa picha ukiangalia karatasi. Kisha karatasi nzima ikapandishwa, ikakandamizwa kwenye chokaa mbichi, na chokaa iliposhika, karatasi ikaloweshwa ikabanduliwa. Picha hiyo!

Mafundi vigae, mnacheka nini? Mmeitambua! Ndiyo hiyo mnayoifanya kila siku kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli, vile vigae vidogo vinavyokuja vimegandishwa kwenye karatasi au wavu. Ulipokuwa ukibandua ile karatasi kwa sifongo, ulikuwa unarudia mkono wa Facchina.

Na darini mle, katika mosaiki yenyewe, kuna maneno yaliyoandikwa kwa Kigiriki. Kwa ufupi yanasema kwamba mosaiki ya mapambo imetumika hapa kwa mara ya kwanza Ufaransa. Kwamba picha za watu zilizochorwa na Curzon zimetekelezwa na Salviati, mapambo yametekelezwa na Facchina, na usanifu ni wa Charles Garnier. Mmesikia? Hakusema "Jumba hili limefunguliwa rasmi na mheshimiwa fulani". Alimtaja fundi! Jina la fundi vigae liko darini katika jumba la mfalme.

Naye mwenyewe hakujisahau. Chini ya ukumbi mkuu kuna chumba cha duara walikoingilia wateja wa kudumu. Dari yake imejaa nakshi zilizosokotana, ukitazama haraka utasema ni michoro ya Kiarabu. Mimi mtoto wa Unguja nilizitazama kama ninavyotazama kizingiti cha mlango wa kwetu, ambapo katikati ya maua umefichwa mwaka wa Hijria au jina la mwenye nyumba. Nikaanza kuzifuata herufi kwa kidole hewani. Jean. Louis. Charles. Garnier. Msanifu. 1861 hadi 1875. Miaka 14 ya maisha yake, ameisokota kuwa ua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchonga milango. Alianza mtoto, akachonga mpaka macho yakamkataa. Nikitembea Mji Mkongwe nasimama mbele ya milango, natazama mnyororo uliochongwa ubavuni, samaki chini, waridi katikati, najiuliza: huu ni wake? Au ule? Jina la mwenye nyumba lipo. Mwaka upo. Babu hayupo. Alikufa sina mlango hata mmoja ninaoweza kumpeleka mwanangu nikamwambia, weka mkono hapa, hapa palipita patasi ya babu yako.

Ndiyo maana leo asubuhi, kabla hamjafika, niliingia humu peke yangu nikatazama juu. Tazameni nanyi. Tazameni ule mkanda wa plasta unaozunguka dari, na lile ua kubwa la katikati linaloshika feni. Hatua zake zimenyooka, pembe zake zimekutana bila pengo. Nikamuuliza mlinzi, hii kazi ni ya nani? Akasema hajui. Nikamuuliza mama anayefagia. Akasema, "Yule mzee wa kofia, anakuja kwenye mkutano wenu."

Mzee wetu uliyeketi safu ya tatu, najua hupendi kusimama mbele za watu, umeniambia. Lakini nakuomba. Vijana, mleteeni kipaza sauti. Baba, tuambie jina lako kwanza, kisha utueleze kalibu ya ule mkanda uliikata kwa bati au kwa ubao.